Jinsi ya kuisoma kazi ya sanaa ya Kijapani iliyopita kwenye maonyesho ya serikali (Bunten, Teiten na wenzake)

Wengi tukikutana mtandaoni na mchoro wa Kijapani wa miaka ya 1910, au chombo cha kauri cha miaka ya 1930, tunasema "duh hii kali" afu tunapita. Huu mwongozo ni wa yule anayetaka kubaki hapo kidogo, mwanafunzi wa sanaa, fundi ufinyanzi, mtu wa dizaini, au yeyote aliyezama kwenye tovuti ya makumbusho fulani ya Tokyo na haelewi yale maelezo ya pembeni yanasema nini. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: kabla hujauliza kazi ni nzuri kiasi gani, uliza ilionyeshwa wapi, mwaka gani, kitengo kipi. Kwa sababu hizi kazi zilitengenezwa zipite kwenye jopo la waamuzi, afu zitundikwe ukutani pale Ueno, Tokyo, katikati ya nyingine kibao, na bado zionekane. Ukilijua hilo vitu vingi vinajieleza vyenyewe, kuanzia ukubwa wa mchoro mpaka kwa nini vyombo vya ufundi havipo kabisa miaka 20 ya mwanzo.

Stori yenyewe kwa kifupi. Mwaka 1907 Wizara ya Elimu ya Japani, waziri akiwa Makino Nobuaki ambaye alishakaa Ulaya kama mwanadiplomasia, ilianzisha maonyesho ya kitaifa ya kila mwaka kwa kuiga yale ya Salon ya Paris. Yakaitwa Bunten (文展). Vitengo vilikuwa vitatu tu: Nihonga yaani uchoraji wa Kijapani, Yoga yaani uchoraji wa kizungu wa rangi za mafuta (usichanganye na ile ya kunyoosha viungo), na uchongaji wa sanamu. Mwaka 1919 yakahamishiwa chini ya Akademia ya Sanaa ya Kifalme, rais wake wa kwanza alikuwa Mori Ogai, mwandishi na daktari wa jeshi, na jina likawa Teiten (帝展). Mwaka 1935 waziri Matsuda Genji akavuruga mambo akitaka kuwarudisha kundini wasanii waliokuwa wamejitenga, ukawa mtafaruku, na kuanzia 1937 wizara ikayachukua tena, ndo unaona yanaitwa Bunten Mpya (新文展) hadi 1944. Baada ya vita, 1946, yakazaliwa upya kama Nitten (日展) na yapo mpaka leo, ingawa tangu 1958 sio ya serikali tena.

Sasa kazi yenyewe. Anza na namba ya maonyesho, maana Wajapani huwa wanaandika "ya 3" au "ya 8" bila kuweka mwaka, ukisoma 第3回文展 hiyo ni Bunten ya 3. Kwa Bunten chukua namba ujumlishe 1906, basi. Ya 3 ni 1909, ya 12 ambayo ndo ya mwisho ni 1918. Teiten ina kamtego kadogo: ya 1 hadi ya 4 unajumlisha 1918, lakini kuanzia ya 5 unajumlisha 1919, kwa sababu mwaka 1923 hayakufanyika. Tarehe 1 Septemba mwaka huo lilipiga tetemeko kubwa la Kanto, Tokyo na Yokohama zikaungua, nani angewaza kutundika picha. Kwa hiyo Teiten ya 8 ni 1927, na huo mwaka ukariri kabisa, tutaurudia kwenye kazi za mikono.

Ukikuta mwaka umeandikwa kwa enzi ya mfalme usipaniki. Meiji (明治) jumlisha 1867, Taisho (大正) jumlisha 1911, Showa (昭和) jumlisha 1925. Taisho 7 ni 1918. Showa 2 ni 1927. Hapo ushaweza kukamata makosa ya watu, maana kuna kurasa nyingi tu za kuuza vitu vya kale zinaandika "Teiten 1915" na mwaka huo Teiten haikuwepo kabisa. Muuzaji akikuandikia hivo uliza maswali zaidi au funga ukurasa.

Baada ya mwaka, kitengo. Nihonga na Yoga wasikuchanganye kwa mada, maana Nihonga anaweza kukuchorea mwanamke wa kisasa na gauni lake na Yoga akakuchorea mlima Fuji, tofauti iko kwenye vifaa. Yoga ni mafuta kwenye turubai. Nihonga ni rangi za unga wa mawe zilizochanganywa na gundi ya ngozi ya wanyama (nikawa), wino mweusi, na weupe wa gofun unaotokana na magamba ya chaza yaliyosagwa, vyote vinapakwa kwenye hariri au karatasi. Ile kijani nzito unayoiona kwenye majani ni malakiti, jiwe lilelile ambalo ndugu zetu wa Lubumbashi wanachonga mapambo, na bluu yake ni azuraiti. Unga ukisagwa mnene rangi inakuwa nzito, ukisagwa laini inapauka, kwa hiyo jiwe moja linatoa ngazi nyingi za rangi. Vuta picha kwa vidole kwenye simu, kama makumbusho imeweka picha ya ubora mkubwa utaona chembechembe kabisa, na hapo ndo utajua kwa nini Nihonga haing'ai kama mafuta.

Umbo nalo litazame. Kuna mchoro wa kuning'iniza wa wima, unaokunjwa kama mkeka ukimaliza kuutumia, na kuna viwambo vya kukunja vinavyoitwa byobu, mara nyingi viwili pacha vya paneli sita kila kimoja. Byobu unasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Ukianzia kushoto kama sisi tulivyozoea unaweza kukuta ndege anaruka "kinyumenyume" na hadithi haieleweki. Na kuna hili la ukubwa: zamani mchoro wa kuning'iniza ulikaa kwenye kishubaka cha sebule, anatazama mwenye nyumba na mgeni wake wakiwa wamekaa chini. Kwenye ukumbi wa Ueno mtazamaji amesimama, anatembea, kazungukwa na watu, na pembeni kuna mchoro mwingine unamwita. Michoro ikaanza kukua, mingine ikawa mikubwa kiasi kwamba hakuna nyumba ya kawaida ingeipokea. Wachoraji wenyewe walibishana sana kuhusu hili, wengine waliona ni ushabiki wa kupigania macho tu. Mimi naona wote walikuwa na haki kidogo, kuna michoro ya Teiten mikubwa ambayo haina la kusema zaidi ya "nitazame".

Chukua mfano ujifunze nao, Hishida Shunso. Bunten ya 3, 1909, alipeleka viwambo viwili vya paneli sita, Majani Yaliyoanguka (落葉). Alikuwa ametoka kuugua macho na figo, anaishi Yoyogi, siku hizi ni katikati ya jiji lakini wakati ule kulikuwa na pori la miti. Ufungue huo mchoro afu utafute ardhi. Hakuna. Hakuna mstari wa upeo wa macho, hakuna kivuli kwenye mashina, kuna majani tu yametawanyika, ya karibu yamechorwa mpaka matundu ya wadudu, ya mbali yanafifia, na huo ufifiaji peke yake ndo unakupa kina cha msitu. Miaka michache kabla yeye na Yokoyama Taikan walitukanwa sana kwa kuacha mistari ya wino na kuchora kwa ukungu, wakosoaji wakaubandika ule mtindo jina la kejeli. Hapa kaja na jibu ambalo sio mstari na sio ukungu. Mwaka uliofuata, Bunten ya 4, akapeleka Paka Mweusi (黒き猫), mchoro wa wima wa hariri, kama sentimita 151 kwa 51, ambao aliuchora kwa siku chache tu baada ya kuachana na mchoro mwingine uliomshinda. Manyoya ya yule paka hayana ukingo, yanayeyukia kwenye hariri, ila majani ya mti juu yake ni bapa kabisa kama yamekatwa kwa mkasi. Mchoro mmoja, tabia mbili. Shunso alifariki 1911 kabla hajafika miaka 37.

Mfano wa pili ni wa kutazama kwa karibu sana, Uemura Shoen wa Kyoto, mwanamke aliyekuwa anapenya kwenye maonyesho yaliyojaa wanaume na ambaye 1948 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Utamaduni. Bunten ya 12, 1918, alipeleka Mwali wa Moto (焔), upo Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Ni Bibi Rokujo kutoka ile hadithi ya kale ya Genji, mwanamke ambaye wivu wake ulitoka mwilini ukaenda kumdhuru mwenzie. Anageuka nyuma, nywele anaziuma mdomoni, kimono imechorwa maua ya wisteria na juu yake utando wa buibui. Sasa nenda kwenye macho. Weupe wa macho uko tofauti, kuna kamwanga ambako huwezi kusema kanatoka wapi. Alipaka dhahabu upande wa nyuma wa hariri, sio mbele, kwa ushauri wa bwana mmoja wa tamthilia ya No, kwa sababu barakoa za No za wanawake wenye wivu wa namna hiyo zina dhahabu machoni. Hii mbinu ya kupaka nyuma ya hariri ni ya kale na ukishaijua utaanza kuitafuta kwenye michoro mingine, ngozi za watu hasa.

Kwenye Yoga na sanamu nitapita haraka. Bunten ya kwanza, zawadi kubwa zaidi iliyotolewa ilikuwa daraja la pili, yaani waamuzi hawakutoa ya kwanza, na kwenye Yoga akaichukua Wada Sanzo kwa Upepo wa Kusini (南風), wanaume wanne kwenye boti, mmoja kasimama kifua wazi kama sanamu ya Kigiriki. Ni 1907, vita na Urusi imeisha miaka miwili nyuma, na mwili ule wa mvuvi mwenye misuli watu waliusoma walivyotaka. (Huyuhuyu Wada miaka mingi baadaye akapata Oscar ya mavazi ya filamu, mtu hajui riziki yake ilipo.) Kwenye sanamu kariri majina mawili, Ogiwara Morie ambaye Mwanamke (女) wake alionyeshwa 1910 yeye mwenyewe akiwa ameshafariki Aprili ya mwaka huohuo, na Asakura Fumio na Mlinzi wa Makaburi (墓守) wa mwaka huohuo pia, mzee kasimama mikono nyuma, mtulivu, kiasi kwamba unasahau ni plasta.

Ishu ya jopo la waamuzi. Ukiona msanii mkubwa katoweka ghafla kwenye orodha, usidhani aliacha kuchora. Tangu mwanzo wahafidhina na wanamabadiliko waligombania viti vya jopo, na 1907 kundi la wahafidhina liligomea kabisa. Mwaka 1912 wizara ikaona isuluhishe kwa kukigawa kitengo cha Nihonga sehemu mbili, ya kwanza ya wazamani na ya pili ya wapya. Watu wa Yoga wakasema na sisi tunataka hivohivo, wakanyimwa, 1914 wakajitenga wakaunda Nika-kai. Mwaka huohuo Taikan, aliyekuwa ameachwa nje ya jopo, akaifufua Nihon Bijutsuin, taasisi ya sanaa isiyo ya serikali, na wenzake kama Shimomura Kanzan. Kyoto nako, 1918, Tsuchida Bakusen, Murakami Kagaku, Ono Chikkyo na wenzao wakaanzisha chama chao. Kwa hiyo wakati unatafuta kazi ya Taikan ya 1920 usipoteze muda kwenye Teiten, nenda Inten (院展), ndo maonyesho ya hiyo Bijutsuin. Na usisahau makoloni, Korea ilikuwa na maonyesho yake ya namna hii kuanzia 1922 na Taiwan kuanzia 1927, waamuzi wengi wakitumwa kutoka Japani. Kwa msanii wa Seoul hilo jopo lilikuwa na uzito mwingine kabisa.

Haya, kazi za mikono, na hapa ndo napapenda. Swali la kwanza ambalo kila mtu anauliza: nchi inayosifika kwa kauri, laka (utomvu wa mti unaopakwa kwenye vyombo) na shaba, imewezaje kufungua maonyesho ya sanaa ya taifa bila kitengo cha ufundi? Jibu ni kwamba serikali ya Meiji iliuona ufundi kama bidhaa ya kuuza nje. Tangu maonyesho ya dunia ya Vienna 1873 vyombo vya Kijapani vilikuwa vinaleta fedha za kigeni, na ndani ya nchi vilionyeshwa kwenye maonyesho ya viwanda pamoja na mashine na nafaka. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kupanga nani ni "sanaa", mafundi wakabaki upande wa Wizara ya Kilimo na Biashara, ambayo 1913 ikawaanzishia maonyesho yao ya dizaini. Mafundi hawakuridhika, walidai kwa miaka, wakaja kuingia Teiten ya 8, 1927, kama kitengo cha nne. Mwaka mmoja kabla lilikuwa limefunguliwa jumba jipya la sanaa la Tokyo pale Ueno, lililojengwa kwa yeni milioni 1 za mfanyabiashara wa makaa ya mawe aitwaye Sato Keitaro, kwa hiyo hata nafasi ilipatikana.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: chombo chochote kinachodaiwa "kilionyeshwa Bunten" kabla ya 1919 hakiwezekani, na Teiten kabla ya 1927 vilevile. Mfinyanzi mkubwa kuliko wote wa kipindi kile, Itaya Hazan, alitengeneza 1917 ile vasi yake (chombo cha maua) yenye michoro ya matunda ambayo leo ni Mali Muhimu ya Utamaduni, na Bunten haikuwa na mlango wa kuipitisha.

Huyo Hazan mtumie kama kipimo cha jicho. Alisomea uchongaji, sio ufinyanzi, na inaonekana. Kabla ya kupaka rangi alikuwa anachonga maua na majani kwenye kauri mbichi, mchongo mfupi sana, ndo anatia rangi, afu juu yake anaweka glezi (lile tabaka la juu linalofunika kauri) isiyong'aa inayofanya kila kitu kionekane kama kiko nyuma ya ukungu wa asubuhi. Ukitazama picha ya kawaida utadhani imechorwa tu. Tafuta picha iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, utaona vivuli vidogo vya mchongo. Kipande kikitoka tanuruni na kasoro alikuwa anakivunja, na vigae vya vyombo alivyovunja vimehifadhiwa mpaka leo kwenye Makumbusho ya Idemitsu. Fundi wangu mmoja hapa mtaani akisikia hivi anasema huyo hakuwa na watoto wa kulisha. Alikuwa nao, na maisha yalikuwa magumu.

Kwenye laka kumbuka kwamba urushi, ule utomvu, haukauki kwa jua bali hugandishwa na unyevu, kwa hiyo fundi anaweka kazi kwenye kabati lenye unyevunyevu kati ya tabaka na tabaka. Makie ni unga wa dhahabu unaonyunyizwa laka ikiwa bado mbichi kisha unasuguliwa. Jina la kutafuta ni Matsuda Gonroku wa Kanazawa. Kwenye kazi za metali tafuta Katori Hotsuma kwa upande wa wanaoheshimu maumbo ya kale, na Takamura Toyochika kwa upande wa vijana, ambaye 1926 na wenzake waliunda kundi la Mukei wakitaka maumbo ya zama zao, pembe kali, miduara, ngazi, baada ya maonyesho ya Paris ya 1925 kuwatikisa. Weka kazi za hawa wawili pembeni kwa pembeni na utaelewa mabishano ya kitengo cha nne bila kusoma hata ukurasa. Mwingine alikuwa nje kabisa akipinga mchezo wote, Yanagi Soetsu, aliyesema uzuri uko kwenye bakuli la mtu asiyejulikana jina, akafungua Mingeikan, makumbusho ya ufundi wa watu wa kawaida, Tokyo 1936. Ukiona chombo hakina saini na muuzaji anasema ni cha Teiten, hivyo vitu viwili haviendani, maana Teiten jina la fundi ndo lilikuwa jambo lenyewe.

Tena angalizo, kiwambo cha kukunja hakimaanishi moja kwa moja Nihonga. Kwenye kitengo cha nne kulikuwa na viwambo vya laka na vya kitambaa kilichotiwa rangi au kufumwa. Soma mstari wa vifaa.

Majina yanatesa watu. Jina la ukoo linatangulia, lakini msanii anaitwa kwa jina lake la kisanaa, kwa hiyo ni Shunso, Taikan, Shoen, Hazan. Kwenye mchoro utaona hilo jina la kisanaa tu na muhuri mwekundu chini yake, ukoo haupo. Chombo cha ufundi mara nyingi kina sanduku lake la mbao lenye maandishi ya fundi mwenyewe juu ya kifuniko, jina la kazi mbele, saini na muhuri. Sanduku peke yake sio ushahidi, masanduku hubadilishwa, linganisha muhuri wa sanduku na ule wa chini ya chombo, na upime kama kimekaa sawasawa ndani.

Kutafuta: ColBase inakupa makusanyo ya makumbusho za taifa kama ile ya Tokyo, Japan Search inatafuta sehemu nyingi kwa mpigo, na maktaba ya bunge la Japani ina vitabu vingi vya zamani vilivyoskaniwa, katalogi zikiwemo. Ufundi wa kisasa nenda Makumbusho ya Taifa ya Ufundi, iliyohamia Kanazawa 2020. Tafuta kwa herufi zao, kopi hapa uweke pale: 文展, 帝展, 上村松園, 板谷波山, 菱田春草. Kwa herufi zetu utapata robo ya matokeo. Postikadi za maonyesho nazo ni dhahabu, ziliuzwa kwa wingi, na kwa kazi zilizoungua 1923 au kwenye mabomu ya 1945 huenda ndo sura pekee iliyobaki, ingawa nyingi hazina rangi.

Ukitaka kuchapisha picha, Japani wasanii waliofariki hadi 1967 hakimiliki yao ilishaisha, kwa hiyo Shunso, Shoen (1949) na Hazan (1963) hawana shida. Matsuda Gonroku alifariki 1986, huyo bado, na masharti ya tovuti ya makumbusho husika yasome pia, maana mpigapicha wa chombo cha kauri ana haki zake hata kama mfinyanzi hana tena.